KUIRUDISHA DIFU YA LORI BAADA YA KUTIA BERINGI MPYA

Lori likianza kulia nyuma, sauti huwa ndogo kwanza, kama mvumo wa nyuki ndani ya mzinga, nayo husikika mwendo ufikapo kilomita 50 au 60 kwa saa. Dereva humwarifu mwenye lori. Na mwenye lori, akiwa na deni la benki na magunia ya viazi yakimngoja Kinangop, husema kazi hiyo ingoje mwisho wa mwezi. Majuma machache yakipita, mvumo umekuwa mlio, na mlio umekuwa mkwaruzo. Hapo difu hufunguliwa, na beringi zake huonekana zimebambuka uso.

Hayo si ya kustaajabisha, maana beringi ni kitu cha kuchakaa na madukani zipo. La kustaajabisha ni lile lifuatalo mara nyingi mno: lori lililotiwa beringi mpya, za thamani, hurudi kwa fundi baada ya majuma mawili likilia kuliko zamani, na safari hii meno ya krauni yamekatika. Mwenye lori humlaumu muuza spea. Muuza spea humlaumu dereva ya kuwa amepakia kupita kiasi. Aghalabu kosa si la hao wawili. Kosa limo katika namna difu ilivyorudishwa, kwa sababu fundi alidhani ya kuwa kutoa beringi ya zamani na kutia mpya yenye namba ile ile ni kazi moja na kubadili tairi.

Sivyo. Beringi mbili za namba moja, zilizotoka kiwandani kwa njia ya halali, zaweza kupitana unene kwa sehemu moja au mbili za kumi ya milimita. Kwa gurudumu la mkokoteni tofauti hiyo si kitu. Kwa difu ni kubwa sana, maana pinioni hutakiwa isimame mahali pake bila ya kupotoka hata kwa sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo beringi zikibadilishwa, kila kipimo cha difu kimebadilika, na kila kipimo hakina budi kuchukuliwa upya.

NGUVU ZINAZOPITA NDANI YA DIFU

Nguvu za injini hufika nyuma kwa propela, nayo huzunguka kwa kufuata urefu wa lori. Lakini ekseli ya magurudumu imelala kwa upana wake. Yapasa basi nguvu zikate kona. Kazi hiyo ni ya gia mbili: pinioni, ndiyo ndogo yenye shina refu, na krauni, ndiyo kubwa iliyo kama sinia. Pinioni ikiwa na meno 7 na krauni meno 41, propela itazunguka karibu mara 5.86 ili magurudumu yazunguke mara moja, na nguvu ya kuzungusha itazidi kwa kadiri hiyo hiyo. Ndani ya krauni mna gia nyingine ndogo ambazo huliacha kila gurudumu liende kwa mwendo wake. Lori ambalo magurudumu yake ya kushoto na ya kulia yameachana kwa mita 1.8 likizunguka duara zima, gurudumu la nje hupita zaidi ya mita 11 kuliko la ndani. Pasipo gia hizo ingebidi tairi liburutwe. Mpango huo ulibuniwa na Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa wa Ufaransa, katika miaka ya 1820, kwa ajili ya gari la mvuke.

Ili ifahamike kwa nini vipimo vidogo vina maana kubwa, na tuitazame hesabu hii. Injini ya lori la kadiri yaweza kutoa nguvu ya kuzungusha ya Newton-mita 500. Gia ya kwanza huizidisha kama mara 6, na pinioni hupokea 3,000. Meno ya pinioni yako kama sentimita 4 kutoka katikati ya shina lake. Basi jino husukuma jino mwenziwe kwa nguvu ya Newton 75,000, ambayo ni kama uzito wa tani saba na nusu, na meno yanayobeba uzito huo kwa wakati mmoja ni mawili au matatu tu. Hivyo ndivyo mambo yalivyo lori linapopanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru likiwa limejaa. Ikiwa uzito huo utakaa katikati ya jino, jino litaubeba kwa miaka. Ikiwa utakaa kwenye ncha tu, au kwenye pembe, jino litakatika.

Tena nguvu hizo hazisukumi upande mmoja. Kwa kuwa meno yamekatwa kwa mshazari, pinioni husukumwa mbele na nyuma kwa kufuata shina lake, na krauni husukumwa kando. Kwa sababu hiyo beringi za difu ni za namna ya pekee: rola zake ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, nazo hutembea ndani ya kikombe cha chuma chenye mteremko, ili zibebe uzito wa juu na msukumo wa kando pamoja. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi mjini St. Louis, Marekani, alipata hataza ya beringi za namna hii mwaka 1898, na mpaka leo hazijapatikana zilizo bora kwa kazi hii.

KAZI HUANZA WAKATI WA KUFUNGUA

Fundi anayejua kazi yake huanza kuirudisha difu siku ile ile anayoifungua. Kabla hajalegeza nati yoyote hupima nafasi iliyopo kati ya jino la krauni na jino la pinioni, akaiandika. Nafasi hiyo ni ule mwendo mdogo ambao krauni huweza kwenda huku na huku wakati pinioni imeshikwa isitikisike. Iwapo gia zenyewe ni nzima na zitarudishwa, namba hiyo ni mali, kwa maana meno yaliyofanya kazi pamoja kwa miaka yamekwisha kuzoeana, na yapasa yarudi kukutana mahali pale pale. Meno mapya huwekwa kwa kipimo cha kitabu. Meno ya zamani huwekwa kwa kipimo chao wenyewe.

Kisha vile vifuniko viwili vinavyozishika beringi za krauni hutiwa alama kwa ponchi, nukta moja upande wa kushoto na nukta mbili upande wa kulia, na nyumba ya difu vivyo hivyo. Vifuniko hivyo vilitobolewa kiwandani vikiwa vimefungwa juu ya nyumba hiyo hiyo. Kimoja kikienda mahali pa mwenzake, au kikigeuzwa, tundu halitakuwa mviringo tena, na beringi mpya itabanwa upande mmoja mpaka iungue. Hili ni kosa la dakika moja ambalo halionekani kwa macho, nalo limekwisha kula fedha nyingi za watu.

Vile vibati vyembamba vya kupangia pinioni, ambavyo mafundi huviita shimu, visitupwe pamoja na takataka hata vikiwa vimekunjamana. Hufungwa kwa waya, vya kila mahali mbalimbali, na unene wake hupimwa kwa maikromita. Ndivyo vitakavyokuwa mwanzo wa hesabu.

Neno moja zaidi kwa wale wanunuao spea zilizotumika, kama zile zilizotandazwa katika maduka ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani kama jiwe la kusagia na mwenzake, nazo huandikwa namba moja ili zisitengane. Haifai kununua krauni peke yake kwa kuwa ya zamani imevunjika jino, hata ikiwa hesabu ya meno ni sawasawa. Hununuliwa zote mbili, na namba husomwa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

KUTIA BERINGI

Nyumba ya difu huoshwa kwa mafuta ya taa mpaka pembe zote ziwe safi, kisha hukaushwa. Chembe za chuma kutoka katika beringi iliyokufa hujificha katika njia za oili, na zikiachwa zitaiua beringi mpya katika safari za kwanza. Beringi mpya zenyewe haziondolewi katika karatasi zake mpaka wakati wa kuzitia umefika. Kuna vijana wapendao kuizungusha beringi kwa upepo wa kompresa ili isikike ikilia. Mchezo huo huikwaruza beringi kabla haijafanya kazi, na rola ikiruka yaweza kumtoa mtu jicho.

Kikombe cha beringi hupigwa taratibu mahali pake kwa kipande cha shaba ya manjano, kwa kuzunguka, huku na huku, hata mlio wa nyundo ubadilike kuwa mzito. Kikombe cha zamani kilichosagwa kidogo kwa nje ni kifaa kizuri cha kusukumia kipya. Kisha hutazamwa kwa kibamba chembamba cha fila kama kimekaa chini kabisa. Kibamba cha sehemu tano za mia ya milimita kikiingia chini ya kikombe mahali popote, kikombe hakijakaa.

Upande wa ndani wa beringi, ule wenye rola, hukaa juu ya shina kwa kubana sana. Mahali pasipo presi, njia njema ni kuupasha moto ndani ya oili safi. Chuma chenye tundu la milimita 60 kikiongezwa joto kwa digrii 80 hutanuka kwa karibu sehemu sita za mia ya milimita, na hiyo yatosha beringi ishuke juu ya shina kwa uzito wake. Joto lisizidi digrii 120, maana likizidi chuma hupoteza ugumu wake. Kwa hiyo moto wa gesi ya kuchomelea haufai kabisa kuipashia beringi, ijapokuwa ndio ulio karibu. Oili huwekwa ndani ya sufuria, na beringi huning'inizwa kwa waya isiguse chini, mahali moto ulipo mkali. Ikishakaa juu ya shina hushikiliwa mpaka ipoe kidogo, kwa sababu huweza kurudi nyuma inaponywea. Na ikibidi kutumia nyundo na bomba, bomba hukaa juu ya pete ya ndani tu. Pigo moja juu ya rola au juu ya kikapu chake huacha kovu, na kovu hilo ndilo litakalolia njiani.

PINIONI

Hapa ndipo palipo na kazi yenyewe. Pinioni ina mambo mawili ya kupangwa: imeingia kwa kadiri gani kuelekea krauni, na beringi zake zimebanwa kwa nguvu gani.

Kuingia kwake hupangwa kwa shimu. Fundi huchukua unene wa shimu za zamani, kisha hupima unene wa beringi ya zamani na wa beringi mpya, akiongeza au kupunguza tofauti yake. Ikiwa pinioni nayo ni mpya, husoma namba ndogo iliyochorwa juu ya kichwa chake, yenye alama ya kujumlisha au ya kutoa, inayoonyesha jinsi ilivyopitana na kipimo cha kawaida. Kitabu cha lori hilo hueleza namna ya kuitumia. Lakini kuna mtego ambao umewanasa hata mafundi wa siku nyingi. Katika malori mengine shimu hukaa nyuma ya beringi iliyo karibu na kichwa cha pinioni; huko kuongeza shimu ni kuisogeza pinioni karibu na krauni. Katika malori mengine, hasa makubwa, beringi za pinioni zimo ndani ya kizimba chao cha pekee ambacho hufungwa kwa bolti mbele ya nyumba, na shimu hukaa chini ya kizimba hicho. Huko kuongeza shimu ni kuiondoa pinioni mbali. Mtu aliyezoea namna moja akishika lori la namna ya pili atakuwa anakwenda kinyume siku nzima, akishangaa kwa nini mambo yanazidi kuharibika.

Sasa kuhusu kubanwa. Mtu aliyezoea beringi za magurudumu ya mbele hudhani ya kuwa beringi njema ni ile inayozunguka kwa wepesi wenye nafasi kidogo. Kwa pinioni sivyo. Pinioni ikiwa na nafasi hata ya unywele, mzigo ukija husogea, na meno hukutana mahali pengine pasipokusudiwa. Ni kama jembe ambalo mpini wake umelegea, ambalo hulima vibaya na mwisho huvunja mpini. Kwa hiyo beringi za pinioni hubanwa kidogo kupita pale nafasi inapokwisha, ili mzigo ukija usikute mahali pa kusogea. Zikibanwa mno nazo huungua, na beringi ya pinioni iliyoungua katika mwendo mkali yaweza kuyakamata magurudumu ya nyuma mara moja. Dereva ambaye jambo hilo limempata barabarani, nyuma ya basi lililojaa watu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kupima mkazo huo hakutaki chombo cha ghali. Uzi mgumu huzungushwa juu ya kizimba, au juu ya flenji ya pinioni, na mwisho wake hufungwa katika mizani ya ndoano, kama ile ya muuza samaki. Huvutwa polepole, na mizani husomwa wakati kitu kikizunguka, si wakati kinapoanza. Mathalan kitabu chataka Newton-mita 2.5, na mahali uzi ulipozungushwa pana kipenyo cha sentimita 10: kutoka katikati mpaka nje ni sentimita 5, basi nguvu inayotakiwa ni Newton 50, na mizani itaonyesha kilo 5 na kidogo. Kipimo hiki huchukuliwa kabla sili ya oili haijatiwa, kwa maana sili huongeza uzito wake na kudanganya hesabu, na beringi ziwe zimepakwa oili, si kavu.

Mkazo ukiwa mdogo au mkubwa kupita kiasi, pete iliyo kati ya beringi mbili hubadilishwa kwa iliyo nene au nyembamba zaidi. Magari mengine madogo hutumia pete laini ambayo hujikunja nati inapokazwa. Pete hiyo hutumika mara moja tu. Fundi akipitisha kipimo, kulegeza nati hakusaidii kitu, hana budi kutia pete nyingine na kuanza tena. Nati ya pinioni hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, na ikiwa tundu la pini halijalingana, nati husogezwa mbele mpaka tundu linalofuata. Hairudishwi nyuma kamwe.

KRAUNI

Krauni hufungwa juu ya kikapu chake baada ya nyuso zote mbili kusuguliwa zisiwe na kovu wala rangi. Bolti hukazwa kwa kuvuka, moja hapa na nyingine upande wa pili, kidogo kidogo hata zifike kipimo. Kisha huwekwa katika nyumba, vifuniko hurudishwa kwa alama zake, na saa ya kupimia huelekezwa mgongoni mwa krauni wakati ikizungushwa. Mshale ukicheza kupita kiasi kilichoandikwa, kuna takataka iliyobanwa chini yake, au kikapu kimepinda.

Nati mbili kubwa za pembeni, zenye vishimo, ndizo zinazoisogeza krauni. Ya upande mmoja ikilegezwa kishimo kimoja, ya upande wa pili hukazwa kishimo kimoja, ili mkazo wa beringi usibadilike. Hivyo krauni hukaribishwa kwa pinioni au huondolewa. Saa ya kupimia huwekwa juu ya jino, ikisimama wima juu ya uso wake, na nafasi hupimwa mahali pane katika mzunguko. Katika malori mengi nafasi itakiwayo kwa gia mpya ni kati ya sehemu mbili na nne za kumi ya milimita, lakini kitabu cha lori lenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Mwisho nati hukazwa kidogo zaidi ili beringi za krauni nazo ziwe na mkazo, na nafasi hupimwa tena.

ALAMA YA RANGI

Vipimo vyote vikiisha kukubali, difu bado haijasema ndiyo. Shahidi wa mwisho ni rangi. Meno sita au manane ya krauni hupakwa rangi nyembamba iliyochanganywa na oili, ya manjano au ya buluu, ipakwe kidogo tu. Kisha pinioni huzungushwa, huku mtu mwingine akiizuia krauni kwa kipande cha mti ili meno yasukumane kwa nguvu. Pale jino lilipoguswa rangi huondoka, na sura ya mguso hubaki dhahiri.

Alama njema hukaa katikati ya kimo cha jino, haifiki ncha wala shina, nayo huegemea kidogo upande ule mwembamba wa jino, ulio karibu na katikati ya krauni. Huegemea hivyo kwa kusudi: mzigo halisi ukija, vyuma hujipinda kidogo na mguso husogea kuelekea nje. Alama ikiwa juu, kwenye ncha za meno, pinioni iko mbali mno, isogezwe ndani. Ikiwa chini, kwenye mashina ya meno, pinioni imeingia mno; irudishwe nje. Ikiwa imekimbilia kabisa upande mwembamba, krauni iko karibu mno, na ikikimbilia upande mnene wa nje, krauni iko mbali. Kila pinioni isogezwapo, nafasi ya krauni nayo hubadilika, kwa hiyo hupimwa upya na rangi hupakwa upya. Kurudia mara tatu au nne si aibu. Aibu ni kuona alama imekaa kwenye ncha, kisha kusema gia zitajilainisha zenyewe barabarani. Hazijilainishi, hukatika.

Kwa gia za zamani, alama ya rangi hulinganishwa na uso uliong'aa kwa kazi ya miaka. Rangi ikiondoka pale pale penye kung'aa, basi pinioni imerudi kwake.

Kazi hii ya rangi ndiyo inayoachwa kuliko zote, kwa sababu hula nusu ya siku na mwenye lori amesimama mlangoni akitazama saa. Mwenye lori mwenye busara huketi, akaomba aonyeshwe alama hiyo kabla difu haijafunikwa. Hahitaji kuwa fundi ili aone kama rangi imetoka katikati ya jino au pembeni.

KUIFUNGA CHINI YA LORI

Yaliyobaki ni mepesi, ila mawili matatu hayafai kusahauliwa. Nyumba ya ekseli hupanguswa ndani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, mpaka kwenye ncha zake. Sumaku ya bolti ya kumwagia oili husafishwa. Sili mpya hupakwa oili kwenye mdomo wake. Na kile kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli huzibuliwa kwa waya: katika barabara za vumbi na matope huziba upesi, na kikiziba, hewa iliyopata moto ndani ya difu husukuma oili ipite kwenye sili za magurudumu mpaka iwafikie mabreki. Lori lenye breki zilizolowa oili halina la kulizuia katika mteremko.

Oili hutiwa lori likiwa limesimama mahali palipo sawa, hata ifike ukingo wa tundu la kujazia. Iwe ile ya gia za namna hiyo, iliyotiwa dawa ya kuvumilia meno yanayoteleza kwa nguvu. Oili ya injini haifai, hata ikiwa mpya. Malori ya siku hizi mengi hutaka ya daraja la 80W-90, na yafanyayo kazi mahali pa joto pengine hutaka ya 140. Hafu-shafti hurudishwa na pete zake za koni, kwa maana pete hizo ndizo zinazozizuia bolti zisikatwe.

Safari ya kwanza ni ya kilomita 30 au 40, bila mzigo au kwa mzigo mdogo, pasipo mwendo mkali. Kisha lori husimamishwa, na mkono huwekwa juu ya nyumba ya difu karibu na pinioni. Joto la kadiri ni la kawaida kwa beringi mpya. Ikiwa mkono hauwezi kukaa pale hata kwa muda wa kuhesabu tatu, mkazo umezidi, na lori lisiendelee na safari. Sauti nayo husikilizwa mara mbili: mguu ukikanyaga mafuta, na mguu ukiachia. Mlio unaosikika wakati wa kukanyaga tu hutoka uso mmoja wa meno, na unaosikika wakati wa kuachia hutoka uso wa pili. Ule usiobadilika kwa lolote aghalabu ni wa beringi.

Baada ya kilomita 1,000 hivi, oili ya kwanza humwagwa ingali ya moto, na sumaku hutazamwa. Unga laini wa kijivu, ulio kama majivu yaliyochanganyika na samli, ni kawaida ya vyuma vipya vinavyozoeana. Chembe zinazomulika, au vipande vinavyoweza kushikwa kwa kucha, ni habari nyingine, na difu hiyo hufunguliwa siku hiyo hiyo.